Dume Bora Yuko Njiani Kwenda Pugu

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilikuwa mnadani, wilayani Kongwa, nimesimama karibu na mlango wa uzio ambako ng'ombe huingia mmoja mmoja. Akaingia dume mwekundu wa meno mawili. Mgongo ulionyooka, kifua kipana, miguu ya nyuma imesimama bila magoti kugongana, korodani mbili zinazolingana. Kiangazi kilikuwa kimeshakolea, nyasi zimebaki vijiti, na wenzake aliokuja nao walikuwa wameanza kuhesabika mbavu. Yeye alikuwa bado anang'aa.

Hakumaliza nusu saa. Madalali wawili walivutana bei, akatoka kwa laki tisa na nusu. Kijana mmoja akampaka alama ya buluu ubavuni, akapandishwa kwenye lori la kwenda Pugu, mnada wa Dar es Salaam wanakopelekwa ng'ombe wa kuchinjwa. Nikamfuata mwenye ng'ombe, mzee ninayemfahamu tangu utoto wangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza kwa nini amemuuza yule.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua inalowesha. "Sasa mwanangu, nimuuze nani? Mnunuzi anataka kilo. Yule ndiye mwenye kilo."

"Na zizini sasa hivi anapanda nani, mzee?"

"Yupo ndugu yake, yule mweusi aliyevunjika pembe. Mnada uliopita nilimleta, hakupata bei nikarudi naye."

Maneno hayo nimetembea nayo tangu siku ile, kwa sababu ndani yake kuna habari nzima ya ng'ombe wetu wa nyama. Dume aliyezidi wenzake wote kwa kukua, akastahimili kiangazi kilichowashinda wengine, amekwenda machinjioni bila kuacha hata ndama mmoja. Aliyekataliwa na wanunuzi ndiye baba wa kundi.

Kwa hesabu ya sensa ya kilimo na mifugo ya 2019/20, Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 33, na karibu wote ni wa asili, wengi wao zebu wa pembe fupi. Kila bajeti ya mifugo inaposomwa tunasikia kilio kilekile: ng'ombe wetu wadogo, wanachelewa kukomaa, mzoga mwepesi. Dawa inayotajwa upesi ni mbegu ya nje. Mimi sipingi mbegu bora, na nitafika huko. Lakini tunazungumza kana kwamba ng'ombe wetu hawajawahi kuchaguliwa. Wanachaguliwa, kila wiki, katika kila mnada, na wanachaguliwa kinyume.

Nyumba ya mzee yule inalima mtama. Kabla ya kuvuna, mama mwenye nyumba hupita shambani akatenga masuke makubwa yaliyojaa, akayafunga mafungu na kuyaning'iniza juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu. Njaa ikija, mafungu yale ni ya mwisho kuguswa. Mtu akionekana anakula mbegu, majirani hujua kwamba nyumba ile imefika pabaya. Nyumba hiyohiyo, ikifika kwenye ng'ombe, suke bora huliwa na pumba ndizo zinazorudishwa ardhini. Na si kwa ujinga. Mtama wa mbegu hauna ada ya shule ya kulipa mwezi wa kwanza. Dume mwenye kilo ni fedha iliyosimama kwa miguu minne, na shida ikibisha hodi ndiye wa kwanza kutazamwa.

Kuna tundu la pili linalovujisha damu nzuri, nalo ni plau. Usukumani na kwingineko kunakolimwa kwa maksai, dume anayehasiwa ili akokote plau ni yule mwenye mabega, mwenye miguu, mwenye utulivu. Huwezi kumfunga nira dume legelege. Kwa hiyo mwenye nguvu anahasiwa, mwenye kilo anachinjwa, na kazi ya kuzalisha inabaki kwa aliyekosa sifa za vyote viwili. Fanya hivyo vizazi kumi, halafu ushangae kwamba zebu wetu ni mdogo!

Ninawaheshimu wafugaji wetu kuliko ninavyowaheshimu wengi wanaowahutubia. Mfugaji wa Kigogo, wa Kimasai au wa Kisukuma anamjua ng'ombe wake, mama yake na bibi yake, na atakwambia yupi alipona ukame wa mwaka gani. Maarifa ya ukoo wa ng'ombe anayo kichwani. Kinachokosekana ni sababu ya kifedha ya kumfanya ayatumie maarifa hayo kwenye dume.

Kwa nini nakazania dume, wakati ndama ana wazazi wawili na kila mmoja anatoa nusu ya vinasaba? Kwa sababu ya idadi. Jike, akijitahidi, atazaa ndama mmoja kwa mwaka, na katika ufugaji wetu wa asili mara nyingi hupita mwaka na nusu, hata miwili. Dume mmoja anaweza kuwa baba wa ndama 20 au 30 kwa mwaka. Isitoshe, majike huwezi kuwachagua sana. Unawahitaji karibu wote ili kundi lisipungue. Madume unahitaji wachache tu, kwa hiyo hapo ndipo penye nafasi ya kuchagua kwa ukali. Na kuna hesabu moja inayofaa kuchorwa mchangani kwa kijiti: ndama wa leo amepata nusu ya damu yake kwa baba yake, robo kwa babu mzaa mama, na moja ya nane kwa baba wa bibi yake mzaa mama. Jumlisha: asilimia 87.5. Madume watatu uliowaleta zizini wakifuatana ndio waliotengeneza karibu kundi lako lote, hata kama jike hukuwahi kununua.

Sasa swali gumu linakuja. Dume mwekundu alikuwa na kilo. Je, kilo zile zilikuwa za damu au za malisho?

Wataalamu wa uzalishaji wana kipimo cha jambo hili, kiwango cha kurithika. Tofauti unazoziona kati ya ng'ombe na ng'ombe katika kundi moja, sehemu yake imetoka kwa wazazi na sehemu imetoka kwa nyasi, maji, maradhi na bahati. Uzito wa kuachishwa kunyonya hurithika kwa robo hivi. Uzito wa mwaka mmoja na sifa za mzoga hurithika zaidi, kwenye theluthi hadi asilimia 40 na kitu. Uwezo wa jike kushika mimba hurithika kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 10, na ndiyo maana kundi lenye njaa haliwezi kuponywa utasa kwa kubadilisha dume.

Tuchukue mfano. Tuseme ndama dume wa zizi fulani, wakiwa na miezi minane, wana wastani wa kilo 95. Mwekundu ana 115, mweusi ana 75. Mwekundu amezidi wastani kwa kilo 20, lakini ni robo tu ya hizo tunayoweza kuihesabu kuwa ya damu, yaani kilo 5, na yeye atampa mtoto wake nusu, kilo 2 na nusu. Mweusi vilevile, ila kwa upande wa hasara. Kwa hiyo kati ya kumwacha mwekundu na kumwacha mweusi kuna tofauti ya kilo 5 kwa kila ndama. Ni kidogo, msomaji atasema. Lakini ndama 25 kwa mwaka ni kilo 125, na dume akikaa miaka mitatu ni kilo 375, na hapo ndama wameachishwa tu, bado hawajakua. Mitamba wanaobaki zizini wanaendelea kuibeba tofauti ile kwa watoto wao. Chanjo unairudia kila mwaka na pumba unanunua kila kiangazi; damu ukishaiingiza inabaki, nzuri au mbaya.

Hesabu hiyo hata hivyo ina mtego, na mtego wenyewe uko kwenye kibuyu cha maziwa. Jike mwenye maziwa mengi ndiye anayekamuliwa zaidi. Familia inamjua; asubuhi chuchu tatu za nyumbani, moja ya ndama. Jike mwenye maziwa kidogo anaachiwa anyonyeshe, kwa kuwa hakuna cha kukamua. Miezi minane baadaye mtoto wa mama bora amedumaa, mtoto wa mama hafifu yuko sawa naye au amempita. Ukipima kilo peke yake utamhasi mwana wa jike bora wa zizi lako. Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu katika zizi la ndugu yangu, na tulipokuja kuligundua ndama alikuwa ameshahasiwa wiki tatu nyuma.

Ndiyo maana kulinganisha ndama kunataka haki. Waliozaliwa msimu mmoja walinganishwe wao kwa wao. Aliyezaliwa mwanzo wa masika, mama yake anakula majani mabichi, asishindanishwe na aliyeangukia kiangazi. Mtoto wa mtamba aliyezaa mara ya kwanza apewe uzito wa huruma. Na anayekamuliwa mama yake aandikwe hivyo. Jay Lush, profesa aliyeanza kufundisha Iowa, Marekani, mwaka 1930, alijenga somo zima juu ya wazo hilo: thamani ya mnyama wa kuzalisha itafutwe kwa vipimo na kwa ndugu zake, si kwa umbo lake siku ya maonyesho. Vitabu vya madume wanavyovitegemea wafugaji wakubwa wa leo, vyenye makadirio ya uzito wa kuzaliwa, wa kuachishwa, wa mwaka mmoja na wepesi wa kuzaa, vimetokana na shule hiyo.

Hao Wamarekani wenyewe walijifunza kwa machozi. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950, waamuzi wa maonyesho ya Hereford na Angus walipenda ng'ombe mfupi, mnene, aliyekaribia chini kama kasha. Madume wa namna hiyo wakashinda nishani, wakauzwa ghali, wakasambazwa. Ndipo wakaanza kuzaliwa ndama vibeti, wenye kichwa kikubwa na pumzi ya kukoroma, wasiokua. Kinasaba cha ubeti kilikuwa kimejificha ndani ya madume walewale waliosifiwa. Ndama akirithi nakala moja anaonekana mzima, akirithi mbili, kutoka kwa baba na kwa mama, anakuwa kibeti. Kwa miaka mingi jicho la mwamuzi lilikuwa linachagua ugonjwa bila kujua. Baadaye, miaka ya 1970 na 1980, mapenzi yakageuka upande wa pili, wakatafutwa ng'ombe warefu kama ngamia, nao wakaleta majike wakubwa yenye gharama ya kulishwa.

Sisi nasi tuna mapenzi ya macho. Rangi, pembe, nundu. Nimemwona mfugaji akikataa dume mzuri kwa sababu ya baka jeupe usoni. Sibezi, ng'ombe ni mali ya nyumba, na mtu ana haki ya kupenda rangi ya mali yake. Ila rangi haijawahi kuongeza kilo mnadani.

Na hata namba zenyewe zina hatari yake zikimwelekea dume mmoja. Mwaka 2008 wafugaji wa Angus huko Marekani walipata ndama waliozaliwa wamekufa, mgongo umepinda na viungo vimekakamaa. Wataalamu walipofuatilia ukoo walimkuta dume mashuhuri, GAR Precision 1680, aliyependwa kwa sifa za nyama, ambaye mbegu yake ilikuwa imetumika katika makundi mengi mno. Alikuwa amebeba nakala moja ya kinasaba cha ulemavu huo. Wajukuu zake walipokutana kwa baba na kwa mama, nakala mbili zikakutana. Kipimo cha vinasaba kilipatikana haraka, na uzao uliobeba ukaanza kutengwa. Wao walikuwa na daftari la ukoo, wakajua pa kuanzia. Katika zizi letu ndama wa hivyo angezikwa, tukasema ni mkosi.

Na nasema hilo kwa uchungu kwa sababu kuoana kwa ndugu katika mazizi yetu ni jambo la kila siku. Wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mfugaji anaishi ndani ya methali hiyo: dume kijana akianza kumkabili baba yake, mmoja lazima aondoke, na anayeondoka karibu kila mara ni kijana kwa kuwa ana soko zuri. Mzee anabaki. Mwaka wa nne, wa tano, anapanda binti zake. Ndama wa baba na binti ana uwezekano wa asilimia 25, katika kila eneo la vinasaba vyake, kuwa na nakala mbili zilizotoka kwa babu mmoja yuleyule. Hakuna haja ya ugonjwa wa ajabu ili hasara ionekane. Inaonekana kwa ndama dhaifu wanaokufa kabla ya mwezi, kwa mitamba wanaochelewa kupata joto, kwa kundi linalopungua mwili pole pole hadi mwenyewe anasema nyasi za siku hizi hazina nguvu.

Sasa nifike kwenye mbegu ya nje.

Ranchi ya Kongwa iko kwenye ardhi ambako Waingereza, kuanzia 1947, walitaka kulima karanga kwa matrekta, mpango uliopangwa London na ukashindwa na udongo na mvua za Ugogo. Kila nikisikia pendekezo la kuleta Charolais au Simmental wazalishe moja kwa moja na zebu wa vijijini nakumbuka karanga zile. Dume mkubwa wa Ulaya kwa jike mdogo ni hatari ya ndama kukwama wakati wa kuzaliwa. Akitoka salama, anataka malisho ambayo mwezi wa kumi hayapo, na kupe hawamhurumii. Chotara wa kwanza mara nyingi hupendeza kweli, kwa ile nguvu inayopatikana damu mbili za mbali zinapokutana, na ndiye anayepigwa picha. Tatizo ni mwaka wa sita, watoto wa chotara wanapozaliana wao kwa wao bila mpango.

Na jirani kabisa tunaye mfano wa njia nyingine. Boran alikuwa ng'ombe wa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Walowezi wa Laikipia walimnunua, wakamchagua kwa miongo, wakaunda chama cha wafugaji wa Boran mwaka 1951 chenye daftari la ukoo. Leo dume wa Boran aliyetunzwa hupita kilo 500, wakati zebu wetu wengi wakubwa wanacheza kati ya 200 na 350, na bado Boran anatembea mbali kutafuta maji na kurudi na ndama. Katika miaka ya 1990 viinitete vyake vilifika Australia na Afrika Kusini. Uzuri wa damu yake ulikuwapo tangu kwa Waborana. Uteuzi uliofanywa kwa subira, kizazi baada ya kizazi, ndio uliouzidisha.

Nasi tulikuwa na wetu. Pale Mpwapwa, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, watafiti walichanganya Red Sindhi na Sahiwal wa bara Hindi na zebu wa Tanganyika, Boran na damu kidogo ya Ayrshire, hadi wakapata ng'ombe wa nyama na maziwa anayevumilia ukame wa kati, akaitwa Mpwapwa. Ni kazi ya kujivunia. Lakini ng'ombe yule alibaki kwa kiasi kikubwa ndani ya kituo. Hakukuwa na wafugaji wengi wenye daftari, wenye kuuziana madume na kulinda ukoo, na idadi yake ikashuka mno. Mbari ya ng'ombe haiishi maabara. Inaishi kwenye mazizi ya watu wanaoandika.

Hazina iliyolala ndani ya damu zetu wenyewe bado hatujaijua mwisho wake. Mwaka 2022 watafiti, wakiwamo wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI yenye makao Nairobi, walitangaza kwamba uzao wa dume mmoja wa Boran ulikuwa ukistahimili ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kuliko wengine, na wakapata eneo la vinasaba linalohusika. Dume mmoja! Ndigana kali ndiyo inayotuzikia ndama kila mwaka. Fikiri ni madume wangapi wa namna ile wamepita Pugu bila mtu kuuliza kwa nini katika zizi lao ndama wote waliugua wao wakasimama.

Kipimo cha vinasaba nacho kimesonga mbele. Ramani ya kwanza kamili ya vinasaba vya ng'ombe ilitangazwa mwaka 2009 kutoka kwa jike wa Hereford wa Montana, L1 Dominette 01449, na siku hizi unyoya wa mkia unaweza kukadiria thamani ya dume kabla hajapanda. Ila makadirio hayo yanategemea kundi lililopimwa kwanza. Namba zilizotokana na Angus wa Nebraska hazimsemi zebu wa Kishapu. Bila mizani na madaftari ya ng'ombe wetu hakuna kompyuta ya kutusaidia, na hapo ndipo napokasirika tunaporuka hatua.

Nini kifanyike basi? Nianze mnadani, kwa kuwa ndipo hasara inapotokea. Halmashauri inatoza ushuru kwa kila ng'ombe anayeuzwa. Sehemu ya ushuru huo inunue madume papo hapo, kabla hawajapandishwa lori. Afisa mifugo asimame mlangoni na mkanda wa kupimia uzito na futi ya fundi cherehani. Futi ni ya korodani: dume mwenye mzingo mkubwa kuliko rika lake huwa na mbegu nyingi, na binti zake huwahi kupevuka. Viwango vya Marekani vinataka angalau sentimita 30 kwa dume wa hadi miezi 15. Zebu wetu wanakomaa taratibu, hivyo asiazime namba hiyo, alinganishe wa hapo kwa hapo. Aulize mama yake alizaa mara ngapi na kwa kupishana miezi mingapi. Akiridhika, mwenye dume alipwe bei ya dalali na nyongeza kidogo, na dume apelekwe kijiji kisicho na ndugu zake. Laki tisa na nusu ndiyo bei ya yule mwekundu. Warsha ya siku moja hotelini inakula zaidi ya hapo.

Uhimilishaji, yaani kumpandisha jike kwa mbegu iliyohifadhiwa, nao una nafasi yake, na kituo chetu cha taifa pale Usa River kinaweza kuhifadhi mbegu za zebu na Boran bora kama kinavyohifadhi za ng'ombe wa maziwa. Lakini katika kundi la majike 60 wanaozunguka porini, kumjua aliye kwenye joto na kumpata mhimilishaji kabla joto halijaisha ni kazi ngumu. Kwa miaka mingi ijayo dume wa miguu minne ndiye atakayefanya kazi.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuharibu mpango huu, na lazima yasemwe. Dume anayehama zizi hadi zizi anaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba, na hapo msaada unageuka balaa. Damu yake ipimwe kila anapohama, bila kujali ni haraka kiasi gani. La pili ni malisho ya pamoja. Mimi nikitunza dume bora na jirani yangu ana madume wanne dhaifu hawajahasiwa, machungani majike wangu watapandwa na yeyote atakayewahi. Kuhasi kwa hiyo kunatakiwa kuwa uamuzi wa kitongoji: ndama dume wote ambao hawakuteuliwa wapitiwe na bedizo, lile koleo la kuhasi, kabla hawajaanza kupanda, na wanaoteuliwa wajulikane na kila mtu kwa hereni. Hereni za kielektroniki zilipoletwa miaka michache iliyopita ugomvi wote ulikuwa juu ya gharama na wizi. Sikusikia watu wengi wakisema kwamba ile ni namba ya ukoo, kwamba ukiandika namba ya baba kando ya namba ya mtoto umeanza daftari.

Nilimrudia yule mzee mwezi wa tisa. Tulikaa kwenye kigogo nje ya zizi, ng'ombe wakirudi jioni na vumbi lao. Nikamchorea mchangani ile hesabu ya baba, babu na baba wa bibi. Akaitazama kwa muda mrefu, akakizungusha kijiti mkononi, kisha akaniuliza kama anaweza bado kupata dume mwingine wa mama yule aliyemzaa mwekundu. Nikamuuliza jike yuko wapi. Akanionyesha, kahawia, kiwele kimeshikana vizuri, anatembea nyuma ya wenzake kwa sababu ana mimba.

"Mimba ya nani, mzee?"

Akanyoosha kijiti kuelekea mlangoni mwa zizi. Mweusi mwenye pembe iliyovunjika alikuwa anaingia.